Uzito wa Mafuta Yakishapata Moto

Mwaka niliorudi Kindu na diploma yangu ndio mwaka baba mkubwa aliofufua motere, yaani injini, ya kamyo yake. Watu wa nyumbani waliyachukua mambo hayo mawili kama baraka moja. Kijana amemaliza chuo, kamyo imepona, Alhamdulillahi. Mimi niliitikia kama wengine. Wakati ule niliitikia kila kitu. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unajua ni wako, unaugusa, lakini haujibu.

Nilikuwa nimesoma kemia kusini, kule mwisho wa reli, na niliporudi sikupata kazi. Sikulia, sikukasirika. Nilikaa barazani kwa baba mkubwa, kaka yake marehemu baba yangu, nikiwaza. Hilo la kuwaza halikufa ganzi hata siku moja. Nikiambiwa leta kiti, niliwaza kiti kipi, na atakayekalia ni nani, na kama nikileta kile cha mguu mbovu watadhani nimefanya makusudi. Mpaka nimalize kuwaza, mtu mwingine alishaleta kiti.

Kamyo yenyewe ilikuwa lori la zamani, la dizeli, rangi ya kijani iliyopauka, na kibandiko cha chama kilichotawala kwenye kioo cha mbele ili askari wa vizuizi wasitusumbue sana. Kazi yake ilikuwa kupeleka mchele, mawese na wachuuzi Kalima, kwa watu wa migodi, na kurudi na wachuuzi walewale. Nyumba yetu yote ilikula kwa kamyo hiyo: bibi, shangazi wawili wajane, watoto ambao sikuwahi kujua vizuri ni wa nani, na sasa mimi. Kisha ikalala nyuma ya nyumba karibu muda wote niliokuwa chuoni, kwa sababu ya kusine, vile vipande vyembamba vya chuma laini ambamo mhimili wa motere unazunguka. Baba mkubwa alizitafuta kila mahali reli inapofika, mpaka akazipata.

Fundi aliyezifunga alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mkavu. Alipomaliza alifunga kapo, kile kifuniko cha motere, akafuta mikono, akamwambia baba mkubwa:

"Baba, hii njo mara ya mwisho. Mhimili umekwisha kukatwa-katwa kila kusine zikibadilishwa, hakuna tena chuma cha kukata. Ikikwama njiani, utafuga kuku ndani ya kapo."

Baba mkubwa alicheka. Halafu akaacha kucheka, akauliza:

"Ili isikwame, nifanye nini?"

"Mafuta, baba. Tafuta mafuta ya kweli."

Baba mkubwa akageuka, akaniangalia mimi niliyekuwa nimekaa barazani.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza baada ya chuo: kuchagua mafuta ya motere. Sikuhisi fahari wala hofu. Niliona tu kwamba sasa nina kitu cha kuwaza, na kwamba nikikosea, watu wote wa nyumba ile watakaa chini bila chakula.

Kulikuwa na duka la mafuta karibu na bandari, na lilikuwa na mapipa mawili. Tulikwenda asubuhi, baada ya mvua, hewa ikiwa bado ya baridi kutoka mtoni. Tulikuwa watatu: baba mkubwa, mimi, na mjomba, yaani mdogo wake mama mkubwa, mke wa baba mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa dereva wa kamyo ile tangu ilipokuwa mpya. Pipa la kwanza lilikuwa bado na rangi ya kiwandani na namba arobaini imepigwa kwenye bati. La pili lilikuwa jeusi, limepakwa upya, na juu yake mtu alikuwa ameandika hamsini kwa chaki.

"Hii ilikuja na treni," alisema mwenye duka, akipiga la kwanza kwa kiganja. "Ile ilikuja na boti. Hamsini. Ile njo mukubwa yake."

"Hamsini iliandikwa na nani?" niliuliza.

"Iliandikwa."

"Lakini na nani?"

"Sitwayeni," alisema, akitumia neno la mwananchi ambalo chama kilitaka tuitane, "iliandikwa tu. Weye unataka mafuta ao unataka mwandishi?"

Mjomba hakungoja. Alifanya kama madereva wote wa Kindu wanavyofanya: alichovya kidole gumba katika pipa la kwanza, akasugua kwa kidole cha shahada, akavifungua vidole polepole kuangalia uzi wa mafuta unavyokatika. Akafuta kwa kitambaa. Akachovya katika pipa la pili. Safari hii uzi ulirefuka, ukarefuka, ukaning'inia.

"Angalieni," alisema. "Inavuta kama bamia. Hii njo mafuta. Ile ya treni ni maji ya kunawia."

Baba mkubwa akanitazama. Mwenye duka naye akanitazama. Nikajaribu na mimi kwa vidole vyangu, na ilikuwa kweli: yale meusi yalikuwa mazito kupita yale mengine, mazito sana, yakakataa hata kutoka kwenye kucha. Mtu yeyote angeyachagua.

Ila nilikuwa nimekwisha kuanza kuwaza. Asubuhi ilikuwa ya baridi. Mafuta yalikuwa ya baridi. Vidole vyetu vilikuwa vya baridi. Motere haifanyi kazi ikiwa baridi, inafanya kazi ikiwa moto kama chungu, na hasa ikipanda mlima na mzigo kwa gia ya kwanza. Mafuta yote yanakuwa mepesi yakipata moto, lakini hayawi mepesi sawasawa. Mengine yanaanza mazito na kuishia kama maji. Mengine yanaanza ya wastani na kubaki na uzito wa kutosha kuzuia chuma kisiguse chuma. Namba ile inayopigwa kwenye pipa inapimwa mafuta yakiwa ya moto, karibu na joto la maji yanayochemka. Kwa hiyo namba iliyotoka kiwandani ilikuwa na maana, na namba ya chaki haikuwa na maana yoyote mpaka mtu ayachemshie maji yale mafuta.

Nilisema hayo yote pale dukani, kwa mpangilio mbaya, nikirudi nyuma kusahihisha, nikaongeza kwamba huenda nimekosea, halafu nikaongeza kwamba sidhani nimekosea. Mjomba alisubiri nimalize.

"Mutoto wa ndugu," aliniambia bila ubaya, "weye hata kwenye harusi yako utauliza bibi-arusi anapimwa kwa joto gani."

Wote walicheka. Nikacheka na mimi, baadaye kidogo kuliko wao. Lakini baba mkubwa alimwambia mwenye duka atupe chupa moja ya kila mafuta, twende nazo nyumbani.

Jaribio nililifanya Jumamosi, baada ya salongo. Wanaume wa mtaa walikuwa wametoka kufyeka majani kando ya barabara kwa amri ya chama, kila mmoja ana panga lake na jasho lake, na wengi waliingia uani kwetu kuona. Baba mkubwa alikuwa bado amevaa abakosi yake kuukuu ya siku za salongo, koti la kuvaliwa bila tai. Nilichukua makopo mawili ya maziwa, nikayatoboa chini kwa msumari mmoja, pigo lilelile, nikaziba matundu kwa vijiti vya kibiriti. Nikamwaga kila mafuta katika kopo lake na kuyasimamisha makopo katika sufuria ya maji, juu ya makaa.

"Ni sufuria yangu ya wali hiyo," alisema mama mkubwa.

"Mafuta hayataingia, mama mukubwa. Ni maji tu."

"Harufu je? Harufu nayo umeisomea?"

Sikuwa nimeisomea. Maji yakachemka. Niliyaacha yachemke muda mrefu, kwa sababu niliogopa kwamba katikati ya kopo bado kuna ubaridi, kisha nikaogopa kwamba nimeyaacha mno, kisha nikakumbuka kwamba maji hayapiti joto lake hata ukiyaacha mpaka kesho. Nikayaning'iniza makopo kwenye waya juu ya bakuli mbili, nikavuta vijiti vyote pamoja.

Yale ya chaki yalitoka kama mkojo wa mbuzi. Mtu mmoja alisema hivyohivyo, na uani pakachangamka. Kopo likaisha, likadondosha, likanyamaza, na lile la treni lilikuwa bado linatoa uzi wake mmoja mwembamba, taratibu, halina haraka na mtu.

Nilijua kwamba hapo ningepaswa kuhisi kitu. Nilikuwa nimesema jambo na jambo limetokea mbele ya mtaa mzima. Nilitafuta ndani yangu kama mtu anayepapasa mfukoni, nikakuta mawazo tu: labda yale meusi ni mafuta ya gia, labda yamechanganywa na kitu njiani, labda matundu hayalingani. Nikabadilisha makopo na kurudia. Ikawa vilevile.

Mjomba hakuwa akicheka tena. Alikuwa amekunja mikono.

"Motere haikai ndani ya sufuria," alisema. "Nimeendesha motere ile toka wewe hujatahiriwa. Niliiwekea mafuta mazito, ikatembea. Mazito njo mazito."

Watu waliangalia chini, wengine wakachukua mapanga yao na kuaga. Hapo ndipo nilipotambua kwamba shida si mafuta tena.

Baba mkubwa alikuwa mtu wa kupatanisha. Mtaani kwetu, watu wakigombana kuhusu mpaka wa kiwanja, mahari, au mbuzi aliyekula mpunga, waliletwa barazani kwake, na yeye alikuwa na njia moja: kila upande uondoke na nusu yake. Alisema kwamba mtu akiondoka mikono mitupu atarudi na fimbo. Na mjomba hakuwa mtu wa mtaani tu. Alikuwa shemeji wa nyumba. Shemeji haangushwi uso uani kwa dada yake, tena mbele ya watu, tena na kijana. Hilo kila mtu pale alilijua, na mimi nililijua, ila sikuwa nimeliweka katika hesabu.

"Mwanangu amesema kweli," baba mkubwa alitangaza. "Tumeona kwa macho. Na shemeji yangu amesema kweli, sababu ameilea motere ile. Basi. Tutachanganya. Nusu hii, nusu ile."

"Baba mukubwa," nilisema, "ukichanganya, yale mabovu yatashusha yale mazuri."

"Hakuna aliyesema mabovu."

"Yakipata moto yatakuwa mepesi. Si mepesi kama yale, lakini mepesi. Na kusine ni mpya, na mhimili—"

"Nusu hii, nusu ile," alirudia kwa sauti ileile aliyotumia kwa mbuzi.

Mama mkubwa alinivuta jikoni, akanipa sufuria niisugue, na wakati nasugua akasema polepole: "Ulisema vizuri. Sasa nyamaza vizuri." Nikanyamaza. Lakini usiku wala mchana sikuacha kuwaza yale mafuta yakichanganyika katika tumbo la motere, kama watu wawili waliolazimishwa kupeana mkono.

Siku ya safari tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Juu ya mzigo walikaa wachuuzi, wanawake wengi wao, na mabeseni yao ya mchele na vitunguu. Mbele tulikaa watatu: mjomba kwenye usukani, mimi katikati, baba mkubwa mlangoni. Sikuwa nimeombwa kwenda. Nilipanda tu, na kwa kuwa hakuna aliyenifukuza, nikakaa. Miguuni mwangu kulikuwa na bidoni mbili, yaani madumu, za akiba, moja ya mafuta ya treni, nyingine ya yale meusi. Hata akiba baba mkubwa alikuwa ameigawa, isionekane amependelea.

Mbele ya magoti yangu ilikuwa sindano ya presyo ya mafuta, ile inayoonyesha nguvu ya mafuta yanavyosukumwa ndani ya motere. Ndiyo iliyonipandisha kwenye kamyo ile. Kwenye tambarare ilisimama vizuri, karibu na katikati, na mjomba aliigonga kwa kucha.

"Unaona, muinjinieri? Iko nalala usingizi."

"Motere bado haijapata moto wa kweli, mujomba."

"Utakufa mapema weye. Kwa kuwaza."

Baba mkubwa alicheka, na hata mimi niliona kwamba hewa ndani ya kamyo imekuwa nzuri. Mjomba alitusimulia habari za barabara zamani, jinsi kampuni ya migodi ilivyokuwa ikiikwangua kila mara mpaka ukaweza kubeba mayai. Sasa ilikuwa mashimo na matope. Alipita kati yake kwa ustadi, akibadilisha gia bila kuangalia, akisema na kamyo kwa sauti ndogo. Alikuwa dereva mzuri. Sikuwahi kusema vingine.

Mlima ulianza adhuhuri. Matope, gia ya kwanza, motere inanguruma, joto linapanda kutoka sakafuni mpaka nyayo zikaungua ndani ya viatu. Sindano ikaanza kushuka. Ilishuka taratibu, kiasi kwamba ningeweza kujidanganya, na nikajaribu: labda ni kutikisika, labda ni jua kwenye kioo, labda sindano yenyewe ni mbovu. Ikapita robo. Ikaendelea.

"Mujomba, sindano."

"Naiona."

"Inashuka."

"Sindano ya zamani hiyo. Ni mugonjwa. Nikisimama hapa katika matope, tutalala hapa."

Kuhusu matope alisema kweli. Nikawaza hilo. Nikawaza kwamba kusimama kutatukwamisha, na kutosimama kutaua motere, na kwamba mimi sina hakika, na kwamba mtu asiye na hakika hana ruhusa ya kusimamisha kamyo ya watu. Wakati huo sindano ilikuwa karibu na sifuri. Nikasikia sauti yangu ikisema, tena si kwa mjomba:

"Baba mukubwa, mwambie azime. Ikilia chuma kwa chuma, hakuna motere nyingine. Fundi alisema. Hakuna nyingine."

Baba mkubwa alifungua mdomo. Nadhani alikuwa anatafuta nusu. Alitazama upande wa shemeji yake, akatazama sindano, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakupata la kugawa.

"Shemeji," alisema mwishowe, kwa sauti ya kuomba. "Zima, ndugu yangu. Nakuomba."

Mjomba hakuzima mara moja. Aliinamisha kichwa upande wa kapo, akasikiliza. Mimi sikusikia kitu isipokuwa kelele. Yeye alisikia. Uso wake ulibadilika, akaivuta kamyo kando mpaka kwenye changarawe kidogo, akazima. Juu, wanawake wakaanza kuuliza nini, kwa nini, tumefika?

"Imeanza kugonga," alisema mjomba. "Kidogo tu. Kidogo."

Tuliamua kumwaga mafuta yote na kuweka yale ya treni peke yake. Aliyeamua nani, sikumbuki. Hakuna aliyelisema kwa ukamilifu. Mjomba alilala chini ya kamyo, na mafuta yakatoka ya moto, mepesi, yakimeremeta, hayana kizuizi. Hatukuwa na chombo cha kuyakinga, na baba mkubwa hakutaka kuyatupa, kwa hiyo akawaomba wanawake mabeseni. Mmoja alikubali, akauhamishia mchele wake kwenye kitenge. Mwingine alisema maneno ambayo sitayaandika, kisha naye akatoa lake.

Bidoni ya treni ilitosha kukaribia alama ya kijiti cha kupimia, si kuifikia. Tukaingoja motere ipoe. Tulikaa kando ya barabara tukila mikate ya muhogo ya wachuuzi. Mjomba alikaa peke yake kwenye jiwe. Baba mkubwa akamfuata, akakaa karibu naye, nikamsikia akisema kwa sauti ya juu kidogo, ili watu wengine wasikie:

"Motere ilikuwa na kiu, shemeji. Uliisikia vizuri. Masikio yako njo yameiponya."

Mjomba alivunja mkate wake, akampa baba mkubwa kipande.

Motere iliwaka kwa shida, ikatetemeka, ikakaa. Tulipanda polepole, wanaume wote tukitembea kwa miguu nyuma ya kamyo ili kupunguza mzigo, isipokuwa mjomba. Baada ya kila kona aliweka mkono nje ya dirisha, kiganja juu. Ilimaanisha sindano imesimama. Juu kabisa tulipopanda tena ndani, niliiona mwenyewe: imeshuka kidogo na kukaa hapo, chini ya katikati, haisogei. Palikuwa na sauti mpya katika motere, mlio mdogo wa kugonga kwa mbali ambao haukuwapo asubuhi. Ulibaki. Kamyo ile ilitembea tena miaka, na sauti ile ndani yake, na kila fundi aliyeisikia aliuliza imetoka wapi.

Tulifika Kalima kabla ya alasiri kupita. Wachuuzi walishuka wakigombania mabeseni, na yule mwanamke wa maneno makali alimfuata baba mkubwa mpaka kwenye bomba la maji akimwambia atazame, anuse, nani atanunua mchele unaonuka mafuta? Baba mkubwa alinawa kwa ajili ya sala akimwahidi beseni jipya. Alikuwa anatabasamu, machozi yamemlengalenga.

"Imepona," aliniambia akipita. "Umeona? Imepona."

"Ndiyo, baba mukubwa."

Nilikaa ndani ya kamyo. Mjomba alizunguka mbele, akafungua kapo, joto likatoka. Akasimama pale akiangalia motere, akachomoa kijiti cha kupimia, akakigusa kwa kidole gumba, akasugua, akafungua vidole. Kisha akanyoosha mkono wake kupitia dirishani, vidole viking'aa mafuta, mbele ya uso wangu.

"Sema," aliniambia. "Ya kurudi, tuweke nini?"

Hakuwa anatania. Nikaanza kumjibu, nikasema inategemea, nikasema kwanza tuone Kalima wana nini, nikasema tusinunue pipa lisilo na namba ya kiwandani, na yeye akasikiliza mpaka mwisho akiwa amenyoosha mkono wake vilevile. Nilijua kwamba ni jambo kubwa alilonifanyia. Nililijua kama unavyojua namba. Halafu akasema shuka, tukale, na nikashuka kwa sababu humo ndani mlikuwa mmezidi joto.